Ng'ombe wa Sayari ya Nne

Mzee Waitara aliinama mpaka ukingo wa kofia yake ukagusa kioo cha kompyuta. Akaweka kidole juu ya ng'ombe mmoja, akasema, "Huyu hapa."

Sajini Sophia Abdallah alitazama. Ng'ombe alikuwa mweusi, mwenye baka jeupe begani, sikio la kulia lina alama mbili za kisu. Nyuma yake alisimama ng'ombe mwingine mweusi, baka jeupe begani, sikio la kulia lina alama mbili za kisu. Na nyuma ya huyo, mwingine tena, mpaka upeo wa macho, chini ya anga la zambarau lenye majua mawili.

"Mzee wangu, mbona wote wanafanana?"

"Ndiyo. Wote ni wangu."

Kwa miaka sita Sophia alikuwa amefuata ng'ombe walioibwa hadi minadani, machinjioni na kwenye vichaka vya mpakani Sirari. Hakuwahi kumfuata mmoja mpaka sayari nyingine. Alizaliwa hapa hapa Tarime mjini, nyuma ya cherehani ya baba yake, fundi wa Tanga aliyekuja kushona suti za maharusi akasahau kurudi. Mambo ya ng'ombe aliyajua ukubwani, kazini, na aliyajua vizuri.

Jalada lililokuwa mapajani mwake lilikuwa na umri wa miaka mitatu. Mtamba wa Mzee Waitara alipotea Mbalibali, wilaya ya Serengeti, siku ileile ambayo mchungaji wake, Okal, aliomba ruhusa kwenda msibani Migori, ng'ambo ya mpaka. Watu wakajumlisha wenyewe. Sophia alimhoji Okal, hakupata ushahidi, akamwachia. Kijiji hakikumwachia. Mtu aliyeweza kumjua ng'ombe mgonjwa kwa kusikiliza tu anavyotembea hakupewa tena hata ndama wa kushikia kamba, na sasa alikuwa akisukuma baiskeli ya maji Issenye.

Halafu Jumatatu hii Mzee Waitara akaja kituoni Mugumu na simu ya mjukuu wake, binti anayesoma chuo cha ualimu. "Nimemwona ng'ombe wangu," alisema. Alipoulizwa wapi, akajibu, sayari ya nne. Askari wa zamu walicheka mpaka wakashika meza. Sophia alichukua daftari, kwa sababu mzee alikuwa ameongeza jambo moja: Jumamosi wazee wa Mbalibali wangekaa, naye angewaonyesha picha hiyo na kuwataka wamtangaze Okal kuwa mwizi, rasmi, kwa kiapo. Mtu akishatangazwa hivyo, hata Issenye hapati pa kulala. Leo ilikuwa Alhamisi.

Ndiyo maana walikuwa hapa, katika chumba kilicho nyuma ya kibanda cha kutengeneza simu, na wale wawili waliotengeneza sayari hiyo. Ashiraf, fundi simu, ndiye aliyeandika programu. Akinyi, dada mwembamba mwenye rangi ya kalamu vidoleni, ndiye aliyechora. Mchezo wao uliitwa *Malisho ya Mbali*. Majambazi wa angani wameiba ng'ombe wa watu, nawe ni mchungaji unayefuata nyayo sayari hadi sayari, ukipigana njiani na kujifunza: unachagua ukomae kwa mkuki wa mwanga, kwa filimbi, au kwa kusoma ardhi.

"Chombo cha angani ni nini hiki?" Sophia aliuliza.

"Debe la mafuta ya kupikia," alisema Akinyi. "Na bomba la kunyunyizia dawa pambani. Kofia ya mchungaji ni sufuria ya shangazi. Afande, hatukuwa na uwezo wa kuunda kila kitu, kwa hiyo tulipiga picha vitu vya nyumbani tukavibandika."

"Injini?"

"Mashine ya kusaga ya jirani," Ashiraf alisema, naye alitabasamu kwa kujivunia. "Ukisikiliza sana, kuna mahali mtu anauliza kama unga wake tayari."

Sophia alikuwa ameupenda mchezo ule tangu jana, alipoucheza kwenye simu kwa ajili ya kazi na kujikuta amemaliza chaji. Hakusema. "Na ng'ombe?"

"Ng'ombe tulipata mmoja aliyekubali kusimama," alisema Akinyi. "Tukamrudia mara elfu tatu."

"Elfu tatu," alisema Mzee Waitara. "Nilipoteza mmoja."

"Picha ilipigwa lini?"

Akinyi alifungua faili la picha za asili na uso wake ukasawijika. Tarehe zote zilisema mwaka ambao yeye mwenyewe alikuwa bado shule ya msingi. Simu aliyopigia picha ilikuwa ya mtumba, na kalenda yake haikuwahi kurekebishwa. Alichokumbuka ni kwamba alizunguka kwa bodaboda wiki mbili, Issenye, Mbalibali, Itiryo na kwingine, akipiga picha kila kitu.

"Mbalibali pia," Sophia alisema taratibu. Hapo kesi nzima ingeweza kufa. Kama ng'ombe alipigwa picha akiwa bado zizini kwake, picha haikuthibitisha lolote. "Mzee, alipopotea alikuwa amezaa?"

"Bado. Mtamba kabisa. Hata dume alikuwa hajamwona."

"Akinyi, nionyeshe picha isiyokatwa."

Akinyi aliileta. Katika mchezo ng'ombe alikuwa peke yake, lakini kwenye picha kamili kulikuwa na ndama chini yake, kichwa kimezama kwenye kiwele. Mzee alivua kofia, akaivaa tena.

"Kwa hiyo ni baada ya kupotea," Sophia alisema, akaandika. "Walau mwaka mmoja baada yake. Yuko hai, amezaa, na masikio yake hayajaguswa."

Wakati anaandika, Ashiraf alikuwa amegeukia kioo cha pili, akinung'unika. Kilionyesha orodha ya watu waliokuwa wakicheza toleo la majaribio, lililotoka miezi mitatu iliyopita.

"Kuna tatizo?"

"Hitilafu tu, afande, si ya kesi. Kuna mchezaji anajiita Fimbo Moja, ameandika anatoka Issenye. Ana saa mia mbili na kumi na moja sayari ya nne, haendi ya tano. Kila akifika langoni na kundi lake, anageuka. Nimeliandika upya lango mara tatu nikidhani limeharibika."

"Anapigana?"

"Hapigani na mtu. Anawanywesha maji."

Sophia aliandika na hilo. Kwa nini, hakujua. Aliandika kwa sababu ya neno Issenye.

"Nirudishie sayari ya nne," alisema. "Ile sauti niliyoisikia jana ikivuma upeponi, ya yule Malkia anayewaita ng'ombe. Anasema nini?"

"Hasemi kitu," alisema Ashiraf. "Wachezaji wanaipenda, wanadhani ni lugha ya huko. Ni mama mmoja tuliyemrekodi siku tuliyopiga picha. Nikaipunguza kasi, nikaiongezea mwangwi."

"Ondoa uliyoongeza."

Ashiraf alibonyeza hapa na pale. Sauti ikapanda, ikajikunja, ikawa ya mwanamke mtu mzima, akiita kwa upole jinsi mtu anavyomwita mtoto aje ale. "Jumatano. Jumatano, njoo."

Mzee Waitara alisimama ghafla na kiti kikaanguka nyuma yake.

"Hilo ni jina lake," alisema. "Alizaliwa Jumatano alfajiri. Okal ndiye aliyemvuta tumboni kwa mikono yake, mimi nikiwa nimeshika taa."

Sophia aliinua kiti.

"Sauti ya huyo mama unaijua?"

"Siijui."

"Baka jeupe kila mtu analiona. Angeitwa Baka, ningesema ni bahati. Siku ya kuzaliwa haionekani kwenye ngozi. Nani walilijua jina hilo?"

"Sisi wa nyumbani. Mimi, mke wangu Bhoke, na Okal. Mabinti walikuwa wameshaolewa, na vijana walikuwa mjini kutafuta kazi."

"Watatu."

"Mmoja," mzee alisema. "Mimi sikujiibia, na mke wangu hawezi kujiibia. Piga hesabu, binti yangu."

"Nimeandika watatu." Akamgeukia Akinyi. "Siku hiyo ulikuwa wapi? Fikiri. Ulikula nini, ulikasirika nini?"

Akinyi alifumba macho. "Nilikasirika na simu. Ililia, nikadhani ni Ashiraf, kumbe ni ujumbe wa kunikaribisha Kenya. Nami nilikuwa bado huku, sijavuka."

"Mbalibali hakuna mtandao wa Kenya, wala Issenye."

"Itiryo, basi," alisema Akinyi.

"Mpakani," alisema Mzee Waitara. "Njia ya Migori." Kisha akalitamka jina la Okal kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja marehemu. Sophia aliisikia sauti hiyo. Mtu aliyefurahi kumkamata mwizi wake hamtaji hivyo.

Saa saba mchana gari la kituo lilikuwa linapanda kuelekea Itiryo, Sophia kwenye usukani, mzee pembeni, Akinyi nyuma kama mwelekezaji wa njia.

"Tusikilizane kabla hatujafika," Sophia alisema. "Najua desturi yenu. Nyayo zikiingia kijiji cha watu, kijiji hicho chote kinadaiwa mpaka kionyeshe zilikotokea. Ukipiga yowe pale, leo jioni nitakuwa na vijana mia mbili wenye mishale pande mbili. Nipe maswali matatu kwanza. Yakishindikana, piga."

"Matatu tu."

"Na jambo jingine unisaidie, maana ng'ombe ni elimu yako. Mwizi akipata ng'ombe anafanya nini na masikio?"

"Anayakata upya. Alama yangu inapotea ndani ya alama yake."

"Na jina?"

"Jina la nini? Mwizi habebi jina."

"Huyu amekaa mwaka na zaidi, masikio yake ni yale yale, jina lake ni lile lile. Nani anaiba kitu halafu anakitunza kiendelee kuwa cha mwenyewe?"

Mzee aliangalia nje ya dirisha, kwenye mashamba ya mahindi, mpaka gari lilipozima.

Mama aliyetoka nyumbani alikuwa wa miaka sitini hivi, amejifunga kitenge kifuani, mikono ina maziwa. Jina lake Robi. Sophia alimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akamwona Akinyi, akasahau polisi.

"Wewe si yule binti wa picha? Uliniahidi picha yangu."

"Mama, samahani," alisema Akinyi, ameona aibu kweli. "Lakini sauti yako imo kwenye mchezo. Wewe ni Malkia wa Upepo."

"Malkia. Na picha iko wapi?"

"Mama," Sophia aliingilia, "yule ng'ombe aliyempiga picha bado yuko? Hebu mwite."

Robi aliwatazama wote, mmoja mmoja. Kisha akageukia nyuma ya nyumba, akaita, na ilikuwa sauti ile ile isiyo na mwangwi. "Jumatano. Jumatano, njoo."

Alikuja kwa hatua za mtu asiye na haraka, mweusi, amenenepa, ndama wawili wa rika tofauti nyuma yake. Alimpita Robi. Alimpita Sophia. Akasimama mbele ya Mzee Waitara, akamnusa koti kuanzia mfukoni mpaka shingoni. Mzee hakupiga yowe. Aliweka kiganja kwenye lile baka jeupe, na Sophia akaona kwamba inabidi aharakishe.

"Ng'ombe huyu ni wako, mama?"

"Si wangu."

"Ulimnunua kwa mtu?"

"Nimesema si wangu. Nitamnunuaje?"

"Basi ni wa wizi?"

"Kwangu hakuna kitu cha wizi," alisema Robi, naye sasa alikuwa amekasirika. "Huyu amewekwa. Ndama hawa wawili ninawajua kwa siku zao, na mwenyewe nimemwonyesha. Mimi nakunywa maziwa. Tulikubaliana hivyo."

Hapo Sophia alipumua. Kuwekesha ng'ombe ni jambo la kawaida kwa Wakurya: huweki mali yote zizi moja. Mmoja unampeleka kwa rafiki mbali, ili ugonjwa au wavamizi wakija wasimalize wote. Na unakaa kimya, maana ng'ombe anayejulikana alipo ni ng'ombe atakayeombwa.

"Mwenyewe ni nani?"

Robi alimgeukia mzee. "Baba, kwenu aliyekuwekea ng'ombe anatajwa mbele ya watu?"

Mzee Waitara alikohoa. Yeye mwenyewe alikuwa na ng'ombe watatu kwa marafiki ambao hata mkewe hakuwahi kuwasikia. "Hatajwi," alikiri.

"Basi aliyemleta," alisema Sophia. "Huyo si mwenyewe, anaweza kutajwa."

"Aliletwa na kijana mrefu, mpole, Mjaluo. Alilala hapa. Asubuhi alisema na ng'ombe muda mrefu kuliko alivyosema na mimi. Akaniambia jina lake, na kwamba hapendi maji ya ndoo, apelekwe mtoni."

"Umesikia, Sajini?" Sauti ya mzee ilikwaruza. "Ni Okal."

"Nimesikia. Mama, huyo kijana amerudi tena?"

"Hajarudi hata siku moja. Anayekuja kumwona ni mwenyewe. Kila mwezi wa nane, wakipewa nafasi siku ya tatu ya mkutano wa akina mama wa ka—" Robi akaanza kufuta maziwa mikononi ingawa yalikuwa yameshakauka.

Mzee Waitara alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Mkutano wa akina mama wa kanisa, Tarime," alisema, akiongea na ng'ombe. "Bhoke hajawahi kuukosa. Nauli namtafutia mimi."

Asubuhi ya Ijumaa Bhoke alikuwa akipukuchua mahindi uani, Mbalibali, gari lilipoingia. Alimwangalia mumewe akishuka, kisha Sophia, na mikono yake ikasimama.

"Mmemwona," alisema.

"Ana ndama wawili," alisema Mzee Waitara.

"Najua. Wa pili anafanana na mama yake."

Sophia alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alikuwa amepanga kuanza kwa upole, lakini usiku kucha alikuwa amemfikiria Okal na baiskeli yake, na upole ulikuwa umepungua. "Mama, nieleze tangu mwanzo."

"Mama yake Jumatano alikuja na mahari ya Irine, binti yetu," alisema Bhoke. "Ng'ombe wa mahari ya binti ni wa nyumba ya mama yake, hilo hata yeye anajua. Ni wa kuolea wanangu. Huyu mzee akapata mchumba Mugumu, msichana wa umri wa Irine. Nikamsikia akihesabu mahari, na katika kuhesabu akamtaja Jumatano."

Mzee aliangalia viatu vyake.

"Nikamwomba Okal amfikishe kwa Robi, rafiki yangu wa usichana. Akasema ana msiba Migori, Itiryo si mbali na njia yake. Nilitaka kumwambia mzee jioni ile ile, tugombane tuishe. Lakini yeye alipiga yowe asubuhi hiyo hiyo. Wanaume wakaja na silaha, akawapa jina la Okal kabla sijavaa viatu."

"Ungesema hapo hapo."

"Ningesema, wangemcheka mpaka anakufa, na mimi wangenirudisha kwetu. Nikasema nitasema kesho." Alichukua gunzi, akaliweka chini. "Niliogopa, binti yangu. Kila siku nilikuwa naogopa upya."

"Na Okal ulimwacha abebe lawama."

"Nilimwacha. Nilimfuata Issenye mara mbili, nikamwambia sema wewe, taja jina langu. Akasema, Mama, mimi nimeshafukuzwa. Kwa nini tufukuzwe wawili?"

Sophia alifunga daftari. Kisheria hakukuwa na mwizi: ng'ombe wa nyumba ya Bhoke aliwekwa na Bhoke. Kwa mambo mengine yote aliona hasira, na hakujua ampe nani. Mzee Waitara alikuwa ameingia ndani. Alitoka na koti la kanisani.

"Wewe pia vaa," alimwambia mkewe. "Tunaenda wote."

Okal walimkuta Issenye, karibu na bomba la maji, amekaa kwenye kivuli cha kibanda kilichofungwa. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta na madumu sita matupu yakisubiri foleni. Alikuwa ameinamia simu yenye kioo kilichopasuka, kidole gumba kikienda polepole. Sophia alifika kwanza, kwa nyuma, na akaona anga la zambarau na majua mawili. Akaona kundi la ng'ombe weusi linakunywa maji. Juu ya kioo, kwa maandishi madogo: Fimbo Moja.

Alirudi hatua moja, akampisha mzee.

Okal aliinua macho. Alisimama mara moja. "Shikamoo, baba."

Miaka mitatu salamu hiyo ilikuwa haijajibiwa. Kila walipokutana njiani, mzee alikuwa akiangalia pembeni.

"Marahaba," alisema Mzee Waitara. "Ulijua alipo."

"Nilijua."

"Nilikuuliza mbele ya watu wote."

"Uliniuliza nimemuuza wapi, baba. Sikumuuza."

Sophia alilikumbuka neno hilo, lilikuwa kwenye jalada kwa mwandiko wake mwenyewe. Naye alikuwa ameuliza vilevile, umemuuza wapi, umemuuza kwa nani, saa nzima. Sikumuuza, sikumuuza. Kati ya maswali yake yote, hakuna hata moja lililouliza ng'ombe yuko wapi. Aliona aibu, akaacha aibu ikae.

Bhoke alikuwa ameshuka garini. "Kesho nitasema mbele ya wazee wote," alisema. "Wanirudishe kwetu wakitaka."

"Hakuna wa kukurudisha," alisema mumewe. "Yowe nilipiga mimi. Kesho nitalipiga tena, kwa sauti ile ile, niseme nilikosea. Na kwamba nilitaka kuoa kwa ng'ombe wa mke wangu. Wacheke."

Okal hakujua aangalie wapi. Aliangalia simu, kwa sababu ng'ombe walikuwa wamemaliza kunywa.

"Okal," Sophia alisema, "kuna kijana Tarime ameandika upya lango mara tatu kwa ajili yako. Kwa nini huendi sayari ya tano?"

Alicheka kidogo, kwa haya. "Pale langoni wanataka umkabidhi askari kundi lako, ndipo upite. Simjui yule askari, afande. Siwezi kumwachia Jumatano mtu nisiyemjua."

"Kuna Jumatano elfu tatu mle."

"Najua. Huwa nawahesabu." Alifuta kioo kwa kiganja. "Tangu niondoke Mbalibali, hawa tu ndio niliopewa nichunge. Nilimwona siku ya kwanza kabisa, kwenye simu ya mteja. Nikasema, hata hapa umenifuata."

Mzee Waitara alivua kofia, akalia pale pale mbele ya foleni ya maji, bila kujificha, na hakuna aliyemcheka. Alipomaliza alipangusa uso kwa kofia.

"Jumapili apelekwe nyumbani," alisema. "Yeye na wanawe. Lakini mimi sijui njia uliyompitisha, na hapendi maji ya ndoo. Itabidi umlete wewe."

"Na baadaye?" Okal aliuliza.

"Baadaye wapo wengine thelathini na wawili, na hakuna hata mmoja anayenisikia."

Okal aliangalia madumu yake sita. Kisha akamwita mama aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, akampa nafasi yake.

Sophia alikaa na jalada mezani mpaka Jumapili jioni. Alikuwa ameandika kila kitu isipokuwa mstari wa mwisho, na hakutaka kuuandika kabla hajasikia kutoka Mbalibali kama Okal amemfikisha Jumatano. Simu iliyolia ilitoka Tarime.

"Afande, samahani kukusumbua siku ya leo," alisema Ashiraf. "Lile lango limepona lenyewe. Sijagusa kitu. Yule wa Issenye ameingia sayari ya tano saa hii."

"Na ng'ombe wake?"

"Amewakabidhi langoni. Wote elfu tatu, hakuna aliyepungua."

Sophia alimshukuru, akachukua kalamu, akaandika kwamba ng'ombe amefika nyumbani.